Mlango wa Bafu la Mheshimiwa

Nyumba ya Mheshimiwa ilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango wa bafu. Ilikuwa na geti la chuma lenye ncha za rangi ya dhahabu, madirisha ya vioo vya kusukuma, na paa la bati la kijani ambalo jirani hata mmoja hakuwa nalo. Lakini bafu, lililokuwa uani, lilibaki matofali matupu yasiyopigwa lipu, na pale mlango ulipotakiwa kukaa palikuwa na fremu ya mbao na misumari miwili ya kutundikia shuka.

Na Mheshimiwa alikuwa muuza milango. Duka lake la vifaa vya ujenzi lilitazama barabara kuu, na milango ilikuwa imeegemezwa ukutani mpaka njia ya waenda kwa miguu: ya mbao, ya bati, ya plastiki, mirefu na mifupi. Kila alipoulizwa habari za bafu alijibu, "Nasubiri mlango maalumu." Kinyozi hajinyoi, watu wa mtaa walisema, lakini walisema akiwa amekwishapita.

Jina lenyewe alibandikwa shuleni, kwa sababu hata adhabu ya kufagia aliitimiza kwa kuwaelekeza wenzake. Tangu hapo alikuwa hajawahi kuchaguliwa kuwa chochote. Mwaka huo aliona heshima imemkalia bure muda mrefu, akachukua fomu ya kugombea udiwani. Mabango yalichapishwa kwenye plastiki nzito, uso wake ukicheka kwa upana wa dirisha, na chini yake maneno aliyoyatunga mwenyewe: MLANGO WANGU UKO WAZI KWA WOTE.

Mwalimu aliyasoma maneno hayo kila asubuhi, kwa sababu bango moja lilifungwa getini, upande wa ndani, ili hata wa nyumbani wasisahau. Alikuwa ameolewa na mdogo wake Mheshimiwa, fundi cherehani mpole aliyeitwa Fundi na kila mtu, mama yake mzazi akiwemo. Wawili hao waliishi katika vyumba viwili vya uani, ukuta kwa ukuta na bafu. Hawakulipa kodi. Mheshimiwa hakuwadai hata siku moja. Aliwataja tu mbele ya wageni. "Hawa nimewaweka hapa nyuma," angesema, akielekeza kwa kidole gumba, kama mtu anayeonyesha mahali alipohifadhi saruji.

Kazi ya kumwogesha mama mkwe ilikuwa ya Mwalimu. Bibi, kama mtaa mzima ulivyomwita, macho yalikuwa yamemwingia ukungu. Aliwaona watu kama nguo zilizoanikwa mbali. Kila asubuhi kabla ya shule Mwalimu alimshika mkono, akampeleka mpaka kwenye ndoo, akatoka, akashika ncha za shuka kwa mikono miwili kwa sababu upepo wa ule uwanja haukuwa na adabu.

"Umegeukia ukuta?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

"Nimegeukia, mama."

"Ukuta upi?"

"Wa jirani."

"Haya." Ndipo maji yalipoanza kumwagika.

Kila siku swali lilikuwa lile lile, na kila siku Mwalimu alikuwa kweli amegeuka. Angeweza kudanganya. Bibi asingejua. Labda ndiyo sababu hakudanganya.

*

Tume ya Uchaguzi ilipotafuta wasimamizi wa vituo, ilitafuta walimu, kwa sababu walimu wanajua kuhesabu na wamezoea kupigiwa kelele. Mwalimu wa darasa la tatu alipangiwa kituo cha shule yake mwenyewe, ambacho kilikuwa pia kituo cha mtaa wake, na kwa hiyo cha ukoo wote wa shemeji yake.

Alikwenda kwa afisa wa Tume, akasimama mbele ya meza. "Mmoja wa wagombea ni shemeji yangu," alisema.

Afisa alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti lenye mifuko mingi, kila mfuko ukiwa na kalamu. Alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa kidole. "Wewe ni mgombea?"

"Hapana."

"Mke wa mgombea? Mtoto wa mgombea? Mzazi wa mgombea?"

"Shemeji."

"Shemeji hayumo." Alifunga kitabu. "Mwalimu, katika wilaya hii hakuna mtu asiye na shemeji. Nikiwaondoa wote wenye mashemeji, nitasimamia uchaguzi na mbuzi."

Siku ya mafunzo waliapishwa ukumbini, mkono mmoja juu, kwamba watatunza siri ya kura ya kila mtu. Kisha afisa huyo huyo aliwaambia neno ambalo Mwalimu aliliandika mkononi kwa wino kwa sababu daftari lilikuwa mbali: "Siku hiyo wewe si mke wa mtu, wala mkwe wa mtu. Siku hiyo wewe ni Tume. Na Tume ina macho, ina masikio, mdomo haina."

Nyumbani habari zilipokewa kwa shangwe ambayo haikumpendeza. Mheshimiwa alimwita sebuleni, akamkalisha kwenye kochi lililokuwa bado na karatasi ya nailoni ya dukani.

"Shemeji, Mungu ni mwema," alisema. "Sasa tuna mtu ndani."

"Mimi sitakuwa mtu wa mtu siku hiyo, shemeji. Nitakuwa Tume."

Mheshimiwa alicheka mpaka nailoni ikalia chini yake. "Sawa, sawa. Tume. Lakini kituo kile ni cha kwetu. Wajomba, mabinamu, mama mwenyewe, wateja wangu wote. Nikianguka kwingine nitasema ni siasa. Nikianguka pale," akaelekeza kidole gumba kule nyuma, "nitajua nyoka yuko uani."

Mke wa Mheshimiwa, aliyekuwa akipangusa kabati, alisema bila kugeuka, "Na vyumba vile si kwamba havina wanaovitaka."

*

Siku ya kupiga kura darasa la tatu lilikuwa limefanywa kituo. Ramani ya mwili wa binadamu ilibaki ukutani, imegeuzwa ili isimshawishi mtu. Kwenye kona kulikuwa na kibanda cha maboksi cha kupigia kura. Mawakala wawili walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kifuani: mmoja wa Mheshimiwa, mwingine wa mpinzani wake.

Mpinzani huyo alikuwa mwanamke mwenye mashine ya kusaga unga, na aliitwa Mama Mashine. Hakuwa na bango la plastiki. Alikuwa na karatasi za kawaida, na mvua ya juzi ilikuwa imezichana nyingi. Kilichojulikana kumhusu ni kwamba alisema mtaro wa sokoni utazibuliwa, akauzibua kwanza, kisha akachukua fomu.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mjomba mmoja alimwita Mwalimu "mkwe" mbele ya watu, akaombwa kitambulisho, akanuna. Mtu mmoja aliuliza kama anaweza kupiga na ya mkewe aliyeko shambani. Kisha mlango ukawa na giza kidogo, na mke wa Mheshimiwa akaingia akimvuta Bibi kwa mkono, kitambaa kipya kichwani.

"Huyu haoni," alimwambia karani. "Nitamsaidia mimi."

"Mpiga kura ndiye anayechagua wa kumsaidia," Mwalimu alisema. "Mama, unataka nani akusaidie?"

Bibi aligeuza uso taratibu, akitafuta sauti. "Huyu amenivuta mpaka hapa, ahsante yake. Akapumzike."

"Mama!" mke wa Mheshimiwa alisema.

"Basi kama huna mtu wako, kanuni inasema ni msimamizi wa kituo," Mwalimu alisema.

"Msimamizi ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Basi ndiyo wewe."

Mke wa Mheshimiwa alifikiri kidogo, akaona ni yale yale. Kura inahama mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Alitoka nje akitabasamu. Wakala wa Mheshimiwa naye alitabasamu, akaweka alama ndogo kwenye karatasi yake. Kwa kanuni mawakala waliruhusiwa kuona kwamba mtu anasaidiwa, kusikia hawakuruhusiwa. Mwalimu na Bibi waliingia nyuma ya maboksi, ikabaki kuonekana migongo yao tu.

"Umegeukia ukuta?" Bibi alinong'ona.

"Hapana, mama. Leo lazima nitazame. Ndiyo kazi."

"Ah." Bibi alionekana kulipima jambo hilo. "Haya. Tazama. Lakini kwa leo tu."

Mwalimu alimsomea majina mawili kwa sauti ndogo, kama alivyofundishwa, bila kuliongezea lolote sukari. "Unamchagua nani, mama?"

"Mama Mashine."

Mwalimu alidhani hakusikia. Kanuni ilisema mpiga kura arudiwe alichosema, ahakikishe. Kwa mara ya kwanza aliona kanuni imeandikwa na mtu mwenye huruma. "Mama, umesema Mama Mashine. Mgombea mwingine ni—"

"Namjua mwingine. Nilimzaa." Bibi hakupandisha sauti. "Macho ndiyo mabovu, mwanangu. Mdomo mzima."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mwalimu na mkono haukwenda. Aliviona vyumba vyake viwili, kitanda, cherehani ya Fundi chini ya dirisha. Aliwaza cherehani ile itapita mlango gani wa nyumba gani. Karatasi ilikuwa mbele yake, na picha mbili, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hata huyu aliyesimama naye begani asingejua. Tiki ni tiki. Vijisanduku viwili viliachana kwa upana wa kidole.

"Kalamu haina wino?" Bibi aliuliza.

"Ina wino, mama."

"Basi?"

Mwalimu aliweka tiki pale alipoambiwa.

"Huyo mama," Bibi alisema, kama mtu anayetoa maelezo ambayo hakuombwa, "akianza kusaga gunia, humaliza gunia."

Alikunja karatasi mwenyewe, akaitumbukiza mwenyewe, akaligonga sanduku kwa vidole kusikia kama imefika. Karani alimpaka wino kidoleni. Mlangoni sauti ya mke wa Mheshimiwa ilisikika, "Umemaliza, mama?" na Bibi akajibu kwamba amemaliza, na kwamba Tume ina mikono laini.

*

Jioni kura zilihesabiwa juu ya madawati, mbele ya mawakala wote wawili, na matokeo yakabandikwa mlangoni. Katika vituo vingine vya kata wagombea walikuwa wamegawana kura nusu kwa nusu. Ni pale, darasa la tatu, kwenye ngome yake, Mheshimiwa alipoangushwa, na kwa tofauti ya kura ambazo zote zingekaa kwenye benchi moja la watoto bila kubanana sana.

Watu waliendelea kumwita Mheshimiwa. Ila sasa walisubiri kidogo kabla ya kulitamka jina hilo.

Kesho yake bomba la maji la mbele ya nyumba lilikuwa na kufuli. Mwalimu alisimama na ndoo.

"Dada, maji," alimwambia mke wa Mheshimiwa.

"Maji ya getini ni ya wenye geti. Wewe nenda Tume wakuchotee."

Bomba la karibu mtaani lilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Hapakuwa na jingine. Fundi alibeba madumu mawili, akapita barabara kuu mbele ya duka la kaka yake kwenda na kurudi, akainamisha kichwa kama anayetafuta sindano. Hata kama palikuwa na mtu ambaye bado hajaamini kwamba nyoka yuko uani, aliamini siku hiyo. Mama Mashine, unga kwenye nyusi, alimfungulia maji, akamwambia neno moja tu, "Pole," akarudi kwenye gunia lake.

Mheshimiwa alianzisha uchunguzi. Alikaa sebuleni na kuwaita ndugu mmoja mmoja, na kila aliyeingia aliapa kwamba kura yake ilikuwa ya damu. Alikwenda kwa kinyozi, kwa muuza mkaa, kwa mafundi walionunua misumari kwake. Wote walikuwa wamempa. Kwa hesabu ya midomo, alikuwa ameshinda vibaya sana. Siku ya tatu alimwita shemeji yake.

"Kuna watu uliowasaidia," alisema. "Wazee. Wasioona, wasiosoma. Walisema nini?"

"Siwezi kusema, shemeji. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Tume."

"Tume inakulaza?"

Mwalimu aliitazama nailoni ya kochi.

"Nakuuliza. Mvua ikinyesha, unaingia chini ya Tume?"

Kwenye kona ya sebule, kitini pake pa siku zote, Bibi alikunywa chai. Watu walikuwa wamezoea kumhesabu pamoja na viti. Mwalimu hakumtazama. Alijua kwamba akimtazama tu, hata kwa kupepesa, atakuwa amesema.

Usiku huo, mle ndani, Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda. "Niambie mimi peke yangu. Mimi ni mumeo."

"Ungekuwa mpiga kura mwenyewe, ningekuambia. Lakini ungekuwa yeye usingeuliza."

Fundi alilifuatilia hilo kama uzi uliotoka kwenye tundu la sindano. "Mimi nilimpa kaka," alisema.

"Sijakuuliza."

"Nilimpa. Lakini nilisimama kidogo kwanza."

"Usiniambie, Fundi."

"Nilikumbuka lile bafu."

"Nyamaza, tafadhali." Lakini alimshika mkono, na walikaa hivyo, wakimsikiliza mke wa Mheshimiwa upande wa pili akifunga kufuli na kulivuta kuhakikisha.

*

Jumamosi alikuja wakili. Alikuwa kijana aliyevaa viatu vyenye ncha, na alivikwepesha vizuri madimbwi ya uani kabla ya kuonyeshwa kwamba mlango ni ule wa mbele. Wote waliitwa sebuleni. Wakili aliweka karatasi mezani, akaielekeza kwa Mwalimu.

"Ni jambo dogo," alisema. "Wewe unasema kwamba kwa sababu ya uchovu na wingi wa watu, kura za waliosaidiwa uliziweka alama kwa namna ulivyoona wewe. Basi. Tunakwenda mahakamani, matokeo ya kituo yanafutwa, uchaguzi unarudiwa."

"Lakini sikufanya hivyo."

"Hakuna anayesema ulifanya. Tunasema tu kwamba unasema."

"Na mimi nitakuwa nani baada ya hapo?"

Wakili alikohoa. "Tume huenda isikuite tena."

"Na shule?"

"Shule ni wizara nyingine," wakili alisema, na kwa uso wake ilionekana kwamba hata yeye hakupenda jibu lile.

Mheshimiwa aliegemea mbele. Uchunguzi ulikuwa umemkondesha, na kwa mara ya kwanza Mwalimu aliona jinsi alivyofanana na Fundi. "Shemeji, mimi si mtu mbaya. Ukiandika hapo, yamekwisha. Bomba lenu, vyumba vyenu. Usipoandika, wiki ijayo kuna mpangaji. Sina ugomvi. Ni mpangaji tu."

Fundi alifungua mdomo. "Kaka—"

"Wewe shona."

Mwalimu aliitazama karatasi. Mwandiko ulikuwa mzuri. Palikuwa na nafasi ya jina lake, yenye nukta. Alitaka kulia na hakulia, kwa sababu alikuwa amevaa blauzi nyepesi ambayo ikilowa huonyesha. "Sitaweza, shemeji," alisema. "Samahani sana. Niliandika nilichoambiwa."

"Basi mmehama."

"Kijana wa sheria," Bibi alisema kutoka konani, "una kalamu?"

Wote waligeuka. Wakili alimtafuta kwa macho kama mtu aliyesikia kabati likizungumza. "Ninayo, Bibi."

"Mimi ni mmoja wa waliosaidiwa. Andika hivi: mkwe wangu aliniuliza, nikamjibu, akanirudia, nikamjibu tena, akaandika nilichosema. Nitaweka dole gumba."

Wakili hakuandika. "Bibi, nikiandika hivyo, mwanao hana kesi."

"Mimi naandikisha nilichofanya. Kesi sikuitengeneza mimi."

"Mama, wewe ni mmoja," Mheshimiwa alisema kwa upole wa mtu anayemwongoza mtoto. "Kura yako tunaijua. Waliosaidiwa ni wengi, na kati yao—"

"Waite."

"Nini?"

"Waite wote waje hapa, wakae kwenye hiyo nailoni yako, uwaulize mmoja mmoja walimchagua nani. Umeuliza mtaa mzima." Bibi aliweka kikombe chini, akakitafutia kisahani kwa vidole, akakipata. Wino ulikuwa bado kwenye kidole kimoja. "Uanze na mimi. Mimi hujaniuliza."

Jokofu lilinguruma jikoni, likanyamaza. Mke wa Mheshimiwa aliacha kupangusa alichokuwa anapangusa.

"Niulize," Bibi alisema. "Nipo."

Mheshimiwa alimtazama mama yake. Alikuwa amewauliza kinyozi na muuza mkaa, alikuwa amewauliza watoto wa watu wakiwa njiani kwenda shule. Swali lilikuwa limemkaa mdomoni kama kiazi cha moto, hawezi kumeza wala kutema. Macho ya Bibi, meupe, yalikuwa yameelekezwa kidogo pembeni yake, pale alipodhani uso wake uko.

"Mama," Mheshimiwa alisema hatimaye, "chai yako imepoa."

"Kweli imepoa," Bibi alisema.

Wakili alifunika kalamu yake. Aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema kwamba atampigia simu mteja wake, kwa sauti ya mtu ambaye hatapiga.

"Na hawa wakihama," Bibi aliendelea, kama aliyekumbuka jambo la soko, "mnitafutie wa kunishikia shuka asubuhi. Upepo wa hapo nyuma mnaujua. Labda mke wako."

"Mimi?" mke wa Mheshimiwa alisema.

Hakuna aliyetamka kwamba wanabaki, wala kwamba mpangaji hayupo. Lakini jioni Mwalimu alipotoka na ndoo, kufuli lilikuwa limening'inia wazi kwenye bomba, na funguo zake ndani, kana kwamba mtu alilisahau.

*

Jumatatu asubuhi, kabla ya shule, kelele za nyundo zilimwamsha Mwalimu. Mheshimiwa alikuwa uani peke yake, na kandambili, akigongelea kitu upande mmoja wa fremu ya bafu. Lilikuwa moja ya mabango yaliyobaki stoo. Plastiki nzito; lilifunika tundu lote, kutoka juu mpaka chini, na uso wake ulicheka pale katikati, mkubwa, ukiutazama uwanja. Chini, karibu na ardhi, yalisomeka yale maneno kwamba mlango wake uko wazi kwa wote.

Alipomwona Mwalimu aliondoa msumari mdomoni.

"Ni la muda," alisema. "Nasubiri mlango maalumu."

"Ndiyo, shemeji."

"Upepo hauliinui. Nimejaribu." Alisimama kidogo, nyundo mkononi, kama mwenye neno jingine. Kisha akaenda zake dukani kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu alimleta Bibi kwa mkono. Bibi alinyoosha kidole mbele kutafuta shuka, akagusa plastiki, akaipapasa juu na chini.

"Hiki kigumu ni nini?"

"Ni bango, mama."

"La nani?"

"La shemeji. Kalifunga mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na nyundo."

Bibi aliendelea kupapasa, mkono ukapita kwenye shavu la mwanawe bila kujua, au kwa kujua. "Linacheka?"

"Linacheka."

"Haya. Si vibaya." Aliinama, akaingia ndani, na bango likajifunga nyuma yake kwa kishindo kidogo.

Hapakuwa tena na kitu cha kushika. Mwalimu angeweza kwenda kupika uji, angeweza kwenda kuvaa viatu vya shule. Alibaki pale pale, mikono mitupu, bega lake karibu na sikio la Mheshimiwa.

"Umegeukia ukuta?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

"Nimegeukia, mama."

Maji yakaanza kumwagika.